Wachelewaji hawakupewa karatasi: kwa mwalimu mpya wa takwimu

Ukuta kati ya ofisi ya idara yetu na darasa la Kidato cha Tatu B ni mwembamba, kwa hiyo vipindi vyenu navisikia vyote, hata vile ambavyo mngependa nisivisikie. Jumanne mwalimu wetu wa mazoezi alikuwa anafundisha sampuli, yaani kuchukua wachache wawakilishe wote. Sauti nzuri, chaki haikatiki, darasa limetulia. Akasema, "Sasa nachagua wanafunzi kumi kwa nasibu," akaanza kunyoosha kidole: wewe, wewe, wewe, na dada pale. Nikainuka nikachungulia dirishani. Kumi wote wametoka madawati matatu ya mbele. Kule nyuma, wanakokaa warefu na wenye usingizi, hakuguswa mtu.

Nilicheka, peke yangu, ofisini. Halafu nikaacha, maana nilikumbuka ya kwangu. Haya namwandikia yeye, na wale wawili walioripoti mwezi uliopita, na yeyote atakayetupiwa mada hii kwa sababu wakongwe wameikimbia wakisema "takwimu ni rahisi, mpeni mgeni".

1. Macho yako hayajui nasibu, yaani kumpa kila mmoja nafasi sawa ya kuchaguliwa. Ya wanafunzi pia hayajui. Waambie darasa zima, kila mmoja aandike kimyakimya namba yoyote kuanzia moja hadi kumi, kisha zihesabuni ubaoni: saba zitajaa, moja na kumi zitabaki yatima. Mtu akiambiwa achague ovyo, huchagua kwa adabu. Wewe chukua daftari la mahudhurio, kila jina lina namba yake tayari, halafu tumia karatasi kwenye ndoo au kile kitufe cha Ran# kwenye kikokotoo, kinachotoa desimali ya nasibu kati ya 0 na 1: zidisha kwa idadi ya wanafunzi, kata desimali, ongeza moja. Namba ikimwangukia mtoto ambaye leo hayupo, basi ni yeye huyohuyo. Msubiri au mfuate. Usimruke ukamchukua wa pembeni yake kwa kuwa yuko karibu. Nawaomba sana, na sababu ya kuomba hivi iko namba mbili.

2. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa kwenye shule ya kata yenye wanafunzi 540, wote wa kutwa. Bodi ilikuwa na wazo: kengele ya asubuhi isogezwe kutoka saa 1:00 hadi saa 12:30, tupate nusu saa ya kujisomea kabla ya vipindi. Kwenye kikao cha walimu Mkuu akauliza, watoto hawa wanatembea muda gani kufika shule? Kimya. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nilikuwa nimetoka chuo na A ya takwimu, na nilikuwa natafuta pa kuionyesha.

Jumatatu, saa 1:00 kamili, nikagawa vikaratasi mstarini. Swali moja tu: leo umetembea dakika ngapi? Viranja wakakusanya. Nilipata majibu 312, nikajiona tajiri. Chuoni tulikuwa tunahangaika na sampuli za watu thelathini, leo nina 312 mkononi kabla ya chai!

Sasa, wakati vikaratasi vinagawiwa, getini, hatua chache tu kutoka niliposimama, mwalimu wa zamu alikuwa na wachelewaji wake. Wanafyeka. Wengine wana matope hadi magotini, kwa sababu kuna mto. Binti mmoja wa Kidato cha Pili, fyekeo mkononi, alinisogelea akauliza, "Madam, na sisi tujaze?" Nilimjibu, na jibu hilo ninalo mpaka leo neno kwa neno: "Nyie kwanza malizeni adhabu."

Ngojeni niirudie taratibu, maana mimi mwenyewe ilinichukua miezi kuielewa. Nilikuwa natafuta muda wa kutembea. Waliotembea kuliko wote walikuwa wamesimama mbele yangu. Nikawanyima karatasi kwa kosa la kutoka mbali.

Usiku ule nilichora histogramu, ile chati ya pau zilizoshikana, kwenye manila, kwa kalamu za rangi tatu. Wastani dakika 34. Mchepuko wastani, yaani kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika kutoka kwenye wastani, dakika 14. Niliitazama nikaipenda. Kwenye kikao cha bodi nikaibandika ukutani, nikaeleza kwa sauti ya mtu anayejua. Mjumbe mmoja, mzee mwenye duka njia panda, akauliza, "Mwalimu, mbona watoto wa ng'ambo ya mto nawaona wanapita dukani kwangu bado giza?" Nikamwambia, "Mzee wangu, sampuli ni kubwa, ni zaidi ya nusu ya shule." Mzee akanyamaza. Yeye hakuwa na manila, alikuwa na dirisha la duka tu, na dirisha lake lilikuwa linaona vizuri kuliko mimi.

Kengele ikasogezwa. Wiki ya tatu, utoro wa Kidato cha Pili ukaanza kuonekana kwenye daftari, na karibu wote ni wa upande mmoja wa mto. Yule binti wa fyekeo hakuja kabisa. Mimi na mwalimu wake wa darasa tukaenda kwao baada ya vipindi, tukiongozwa na mwenzake. Nilikuwa na viatu vya ofisini. Tulitembea saa moja na dakika 50. Mama yake akatutandikia mkeka, akatupa maji, akasubiri tunywe ndipo akasema: "Mwalimu, mtoto nimwamshe saa kumi usiku, apite mashambani peke yake, na akifika afyeke?" Sikuwa na histogramu ya kumjibu.

Muhula huo nikaanza upya, safari hii na daftari la mahudhurio na ndoo. Majina 60 kutoka shule nzima. Iliniletea wiki mbili za usumbufu, kwa sababu baadhi ya niliowapata hawakuwepo shuleni na ilibidi niwafuate. Wastani ukawa dakika 52. Aliyetembea muda mfupi kuliko wote alitumia dakika 5, anakaa nyuma ya nyumba za walimu, na wa muda mrefu kuliko wote dakika 120. Mchepuko wastani ukapanda kutoka 14 hadi 33. Mtawanyiko wote wa ile shule ulikuwa getini siku ile, unafyeka nyasi. Watoto 60 waliniambia kitu ambacho 312 hawakuwa nacho.

Kengele ilirudi saa 1:00. Binti alikuwa ameshapelekwa kwa shangazi yake mjini. Bodi ilinishukuru kwa "utafiti wa pili", hakuna aliyeuliza yaliyousibu wa kwanza, na mimi sikujitolea kueleza. Ndiyo naeleza leo.

3. Kwa hiyo mkinisikia nafoka mtu akisema "sampuli yangu ni kubwa, Madam", mnajua chanzo. Ukubwa hautibu upendeleo, yaani sampuli kuelemea upande mmoja. Wapo wakubwa kuliko mimi walioanguka hapohapo. Mwaka 1936 nchini Marekani jarida la Literary Digest lilituma kadi za kura ya maoni karibu milioni 10. Zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba kwenye uchaguzi wa rais Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yao mengi waliyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, tena katika miaka ya dhiki kuu ya uchumi, na waliojisumbua kurudisha kadi hawakufanana na waliozitupa. Mwaka huohuo George Gallup, mtafiti wa kura za maoni, kwa sampuli ya watu kama 50,000, alimtaja mshindi sawasawa. Mfano huu wanafunzi wanaupenda, ila wanautazama kama kioja cha wazee wa zamani.

Si cha zamani. Mwezi uliopita mmoja wenu alirusha swali kwenye kundi la wazazi la WhatsApp: je, mko tayari kuchangia chakula cha mchana? Wakajibu ndiyo karibu wote, akaja ofisini anatabasamu. Nikamuuliza wazazi wangapi wa shule hii wana simu janja, na kati yao wangapi wana bando siku ya Alhamisi mchana. Tabasamu likaondoka. Samahani, mdogo wangu, ila ndiyo kitabu cha simu cha 1936 kimevaa nguo mpya. Kwenye ripoti andika pia ambao hawakujibu: ni wangapi, na wako upande gani wa mto.

4. Mtawanyiko haufundishwi kwa fomula kwanza. Leta ndoo. Kikombe kimoja cha maharage mekundu, vikombe vitatu vya meupe, koroga. Kila kundi lichote 20 bila kuangalia. Mtatarajia mekundu 5 hivi, lakini kundi moja litatoka na 2, lingine 8, na lazima mtoto mmoja anyooshe mkono: "Madam, sisi tumekosea." Hapo ndipo somo lilipo! Hakuna aliyekosea. Ndoo ni ileile, sampuli zinayumba. Andika majibu yote ubaoni, kisha warudie kwa kuchota 80, wabadilishe kuwa asilimia. Watajionea kwamba kuyumba kumepungua hadi karibu nusu: mara nne ya maharage, nusu ya kuyumba. Kipeuo cha pili kitaingia chenyewe baada ya hapo, na fomula hawataiogopa.

Ukishafanya hivyo, utaona aibu kwa lile tunalolifanya kila baada ya mtihani wa ujirani mwema, ule wa pamoja na shule jirani. Mkondo A wastani 43, mkondo B wastani 41, basi mstarini B wanaambiwa ni wavivu na A wanapigiwa makofi. Wanafunzi hamsini hamsini, mchepuko wa alama 18. Tofauti ya alama 2 hapo ni maharage tu. Nimeshamwambia mtaaluma wetu mara nyingi, huwa anatikisa kichwa kwa heshima, na Jumatatu anatangaza vilevile. Mwaka jana B walioitwa wavivu walimaliza mbele ya A kwa alama moja, wakapigiwa makofi wao. Sikuwa na nguvu ya kusema kitu.

5. Kwenye kikokotoo mchepuko wastani uko wa aina mbili, σn wa kundi zima na σn-1 wa sampuli, na aliyeshika sampuli anabonyeza ya n-1 asipoambiwa vinginevyo na swali.

6. Histogramu haina mapengo. Yenye mapengo ni chati ya pau. Tafadhali.

7. Wastani usiufundishe bila kuuliza unamhusu nani. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilitoa wastani wa kaya kuwa watu 4.3. Niliiandika ubaoni nikauliza ni nani huyo wa 0.3. Mvulana wa nyuma, mmoja wa wale wenye usingizi ambao vidole vyenu haviwafikii, akajibu, "Ni mdogo wangu, Madam, hamalizi ugali." Darasa likaanguka. Lakini yeye ndiye aliyefuata kuuliza kwa nini tusitumie namba ya kati, ile inayokaa katikati zikipangwa kwa ukubwa, kama kuna kaya moja ya watu 15, na kipindi kizima kikaenda huko. Maandalio yangu ya somo yalibaki nusu. Mkaguzi angekuja siku ile angenikuta sina nukuu wala zoezi, nina mabishano tu, na sikuwahi kufundisha namba ya kati vizuri kama siku hiyo.

Mwalimu wangu wa mazoezi, kesho una vipindi pacha na B. Daftari la mahudhurio liko kwa mwalimu wao wa darasa, liombe leo kabla hajaondoka. Ndoo iko chini ya meza yangu. Maharage meupe ni ya kwangu, mekundu nimeyaazima jikoni, na mpishi aliyapima kwa kikombe mbele yangu. Yarudi yote, na kikombe kisipungue.