Treni inazimazima kwenye maungio ya reli
Kaka, kama treni yako ndogo ya modeli, ya kipimo cha HO (1:87), inazimazima kila ikifika kwenye maungio usikimbilie kulaumu mota. Toa joina kwanza, yaani vile vibanio vya chuma vinavyounganisha reli mbili, zikishalegea hazipitishi umeme vizuri, weka mpya au zibane taratibu na plaizi ya mdomo mwembamba. Na reli ukiikata lazima upige tupa ndogo, hasa ule ukingo wa chini maana kile kinundu cha chuma ndo kinakunja joina ukisukuma, halafu pitisha ukucha juu ya ungio, ukucha ukikwama hata kidogo basi gurudumu litaruka hapohapo. Kwenye kona piga solda maungio upande wa nje wa reli, haraka, mataruma ya plastiki yasiyeyuke. Ila usisolde maungio yote jamani! Mengine yaachie kaupenyo kadogo, joto likipanda reli inatanuka, ikikosa nafasi inapinda.