Muulize Mwalimu: Kongo, Malaysia na michikichi yetu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi nina boti, navusha chumvi ya Uvinza, unga na sabuni kutoka Kibirizi hapa Kigoma kwenda Kalemie, Kongo, ng'ambo ya ziwa. Juzi nilibishana na shemeji yangu Mkongomani mpaka ugali ukapoa. Mimi nilisema Malaysia walichukua mbegu za michikichi hapa Kigoma, wakatajirika, sisi tukabaki na hadithi. Yeye akasema mbegu si kitu, maana Kongo ina shaba, kobalti, almasi, dhahabu, mto na msitu, na bado mama yake anapika gizani; kwake utajiri wa nchi ni bahati tu. Tulinganishie hizi nchi mbili. Ziliachana wapi?
Msomaji, Kibirizi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mfikishie shemeji salamu zangu. Nianze na wewe, kwa sababu hadithi ya mbegu hata mimi niliwahi kuifundisha darasani pale Ujiji, na tangu nilipojua ukweli wake sipendi kuiona ikiendelea kurithiwa.

Michikichi ya Malaysia haikutoka Kigoma. Mwaka 1848 miche minne, asili yake Afrika, ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, kwenye Indonesia ya leo. Uzao wa miche hiyo ulisambaa Sumatra, kisha ukavuka hadi Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo), na huko ulipandwa kwanza kama mti wa pambo. Shamba la kwanza la biashara lilipandwa Selangor mwaka 1917, mahali paitwapo Tennamaram. Uvumi wetu una chembe moja ya kweli: katika miaka ya 1980 watafiti wa Malaysia walizunguka nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, wakikusanya mbegu za asili za kuboreshea aina zao. Lakini walipokuja walikuwa tayari wanaongoza duniani kwa mawese. Walikuja kuongeza mbegu ghalani.

Hadithi ile inaniuma kwa sababu inatufanya tudai mbegu, wakati kitu cha kuulizia ni kazi iliyofanywa baada ya mbegu. Na kwenye kazi hiyo aliyetangulia ni Kongo.

Hili mwambie shemeji polepole, maana hapa nyumbani kwake pana heshima ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1911 Wabelgiji walimpa William Lever, yule Mwingereza wa sabuni, maeneo makubwa ya michikichi nchini Kongo. Mji wake aliuita Leverville; leo unaitwa Lusanga. Watu walilazimishwa kukwea michikichi hiyo ya mwitu na kushusha mikungu kwa ujira mdogo mno, na mateso hayo hayatakiwi kusahauliwa. Lakini Kongo ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mawese duniani. Zaidi ya hapo, kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi, kando ya Mto Kongo, ndiko lilikofumbuliwa fumbo la mchikichi wenyewe. Chukua chikichi, au ngazi kama wanavyoita ng'ambo, ulipasue kwa kisu. La dura lina gamba nene na nyama kidogo. Hilo ndilo la babu zetu hapa Kigoma. La pisifera halina gamba, ila mti wake kwa kawaida hautoi mazao ya maana. Mwaka 1941 watafiti wawili wa Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen, walionyesha kwamba ukizalisha dura na pisifera, watoto wote wanatoka tenera: gamba jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi. Elimu hiyo ilizaliwa katika ardhi ya Kongo. Malaysia ikaichukua, ikapanda tenera nchi nzima, na leo hekta moja kule hutoa wastani wa tani 3 hivi za mafuta kwa mwaka. Mashamba yetu ya dura hayafiki hapo.

Kwa hiyo Kongo ilikuwa na mbegu, ardhi, mvua na elimu, na chini ya ardhi ilikuwa na shaba. Malaya ilipata uhuru mwaka 1957, Kongo mwaka 1960. Wakati huo ukigawanya pato la kila nchi kwa idadi ya watu wake, hazikuachana sana. Leo la Malaysia ni zaidi ya dola 11,000 kwa mtu kwa mwaka, la Kongo halifiki dola 1,000. Kongo ni kubwa mara saba kwa eneo, ina watu zaidi ya milioni 100, na Malaysia ina kama milioni 34.

Sasa bahati. Shemeji hakosei kabisa, na usimnyang'anye hoja yake yote. Malaysia imekaa kando ya mlango wa bahari wa Malacca, meli za dunia zinapita mlangoni. Kongo, kwa ukubwa wake wote, ina pwani ya kilomita kama 40 tu, upande wa magharibi. Mzigo wa Kalemie ukitaka bahari ya karibu unavuka ziwa mpaka kwetu, kisha unapanda reli ya kilomita zaidi ya 1,200 hadi Dar es Salaam. Baba yangu alikuwa kuli bandarini Kigoma, na alibeba magunia yao mgongoni. Wabelgiji walikuwa na eneo lao hapa bandarini tangu mkataba wa mwaka 1921, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Nchi ambayo nusu yake inategemea mlango wa jirani inaanza safari imechelewa.

Isitoshe, uhuru ulipofika, Wakongomani waliomaliza chuo kikuu hawakufika 50. Ndani ya wiki mbili Katanga, mkoa wa shaba, ulitangaza kujitenga. Januari 1961 waziri mkuu wao, Patrice Lumumba, aliuawa, na wageni walikuwa na mkono katika mambo hayo. Mtu akikuambia Wakongomani ni wavivu, mwambie aje Kibirizi saa kumi na moja alfajiri aone wanavyopakua.

Lakini bahati haielezi mwaka 1973. Mwaka huo Mobutu, rais wao, alichukua maduka, mashamba na biashara za wageni akawagawia watu wake. Wengi hawakujua duka wala shamba, waliuza walichokikuta na kuondoka. Mashine za mawese zikakosa vipuri, barabara za kufikia mashamba zikamezwa na msitu. Nchi iliyokuwa ikiuza mawese ikaanza kuyanunua. Shaba nayo ilifuata: shirika la serikali lilikamuliwa kama ng'ombe asiyelishwa, na katika miaka ya 1990 uzalishaji ukaporomoka hadi sehemu ndogo tu ya ule wa miaka ya 1980.

Kitu kimoja nakiona kuliko vyote nikifikiria Kongo: waya wa umeme. Kwenye maporomoko ya Inga walijenga mabwawa mawili, la kwanza mwaka 1972, la pili mwaka 1982. Kutoka hapo wakavuta laini ya kilomita 1,700 hivi mpaka migodi ya Katanga. Ile laini inapita juu ya vijiji ambavyo havijawahi kuwasha taa. Mpaka leo Wakongomani wenye umeme ni kama mmoja katika watano. Mama mkwe wako anayepika gizani, mwanangu, hakukosa mto. Umeme ulipelekwa kwenye shaba, yeye akarukwa.

Na kuna fedha. Mwaka 1994 mwalimu mwenzangu kutoka Uvira alivuka ziwa na mfuko wa rambo umejaa noti za zaire mpya, fedha ya Kongo wakati ule, mshahara na akiba yake yote. Nilimsindikiza Mwanga, hapa mjini Kigoma, kwa kila aliyekuwa akibadilisha fedha. Wa mwisho alizipima kwa mkono bila kuzihesabu, akampa shilingi zisizozidi bei ya debe la unga. Mwaka ule bei kwao zilipanda kwa maelfu ya asilimia. Alikaa kwenye ngazi za duka, akanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama shule yetu ina nafasi ya kufundisha Kifaransa. Nchi ambayo mwalimu hawezi kuweka akiba haina namna ya kukopeshana, na isipokopeshana haijengi. Miaka miwili baadaye vita ilifika, na watu wakaja Kigoma kwa mitumbwi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996; iko hapo bado.

Malaysia walifanya nini miaka hiyohiyo? Mwaka 1956, hata kabla ya uhuru, waliunda mamlaka iitwayo FELDA. Familia isiyo na ardhi ilipewa kama hekta nne za shamba, kiwanja cha nyumba, na mkopo wa kulipa kutoka kwenye mavuno. Zaidi ya familia laki moja zilipata mashamba hivyo, na kando ya shamba kulikuwa na kinu, barabara, shule na zahanati. Halafu katika miaka ya 1970 serikali ikapanga ushuru ili anayeuza nje mafuta ghafi alipe zaidi kuliko anayeyasafisha nyumbani. Viwanda vya kusafisha vikaota. Hata uchavushaji waliufanyia kazi: vibarua walikuwa wakipaka chavua kwa mkono, ua baada ya ua, hadi mwaka 1981 walipoleta kutoka Kameruni mdudu mdogo wa jamii ya fukusi anayeifanya kazi hiyo bure. Huyo mdudu ni wa Afrika, hapa kwetu huruka kwenye michikichi bila kuagizwa na mtu.

Nao hawakukaa kwenye mawese peke yake. Walianza na bati na mpira. Bati lilipoanguka bei mwaka 1985, hawakuanguka nalo, kwa sababu tangu mwaka 1972 pale Penang walikuwa wamefungua eneo la viwanda vya vifaa vya elektroniki, na siku hizi hivyo ndivyo vinavyoongoza katika mauzo yao ya nje. Mafuta ya petroli waliyakabidhi kwa shirika la taifa, Petronas, mwaka 1974. Mfuko wa akiba wa wafanyakazi ulikuwapo tangu mwaka 1951, na fedha za kujengea zilitoka humo, kwa sababu ringiti, fedha yao, iliyowekwa leo ilikuwa bado ringiti baada ya miaka kumi. Ilipotikisika mwaka 1997, mwaka uliofuata waliifunga kwenye 3.80 kwa dola na kuishikilia hapo hadi 2005.

Sikuambii ni pepo. Mei 1969 Wamalay na Wachina waliuana mitaani Kuala Lumpur, na sera ya kugawa uchumi kwa kabila iliyofuata mwaka 1971 bado ina manung'uniko. Msitu mwingi umekatwa. Mashambani kazi ngumu inafanywa na wageni, wengi Waindonesia na Wabangladesh, na wengine hutendewa vibaya. Waziri mkuu wao wa zamani, Najib Razak, alihukumiwa mwaka 2020 kwa fedha za mfuko wa umma. Wizi uko kote. Ila huko mtu alisimamishwa mahakamani, na mwalimu hakuamka akakuta mshahara wake umekuwa makaratasi.

Basi ziliachana wapi? Kwangu, ziliachana pale hazina ilipogeuzwa, au isipogeuzwa, kuwa kitu mikononi mwa watu wa kawaida: shamba lenye hati, kinu cha karibu, fedha inayodumu, taa. Kongo leo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa husafishwa China. Shemeji aitazame hiyo, na sisi wa Kigoma tutazame dumu la mafuta dukani: sehemu kubwa ya mafuta ya kula tunayoagiza nchini ni mawese ya Malaysia na Indonesia, yanauzwa hapa Mwanga, mita chache kutoka kwenye mchikichi.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama wa Simbo, nina michikichi ya marehemu mume wangu, imezeeka. Jirani ana tenera nzuri. Nikiokota mbegu chini ya miti yake nikaotesha, si itakuwa hiyohiyo?
Mama wa Simbo

JIBU: Hapana mama yangu, na pole kwa msiba. Hapa ndipo ile elimu ya Yangambi inakugusa mwenyewe. Tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Ikizaa yenyewe kwa yenyewe, watoto wanarudi kwa wazazi. Katika miche minne tarajia mmoja dura, miwili tenera, na mmoja pisifera usiokuwa na faida. Na ukiwa mdogo hautambuliki kwa macho. Utautunza miaka mitatu ndipo ujue. Nenda kituo cha utafiti cha Kihinga, kinachoshughulikia michikichi tangu serikali ilipoanza kulifufua zao hili mwaka 2018, ukaulize miche ya tenera iliyozalishwa makusudi. Panda kwa pembetatu, mita 9 kati ya mti na mti. Usikate yote ya zamani kwa mkupuo: kata robo, panda, kula kwenye iliyobaki, maharage yapite katikati wakati miche bado mifupi. Mise, kiini kilicho ndani ya kokwa, usitupe, nayo ina mafuta yake, na wa sabuni wanayatafuta.