Mwanangu, Sema Ilikuchosha Dakika ya Ngapi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Mhadhiri aliwaonyesha Vertical Roll ya msanii Mmarekani Joan Jonas, video ya mwaka 1972 isiyo na rangi, ya karibu dakika 20. Kichwa kikakuuma, ukaudhika, na sasa anataka ukurasa mmoja wa namna ulivyoipokea. Unaniuliza kama ukiandika kwamba ilikuchosha utaonekana hukuelewa kitu.

Andika kwamba ilikuchosha. Ila usiishie hapo. Sema uchovu ulikuanza dakika ya ngapi, na wakati huo ulikuwa ukiona nini na kusikia nini.

Kwanza ujue ulichokuwa ukitazama, maana wewe ni mtoto wa dijitali. Mitambo ya runinga za analogi ilizimwa Kenya mwaka 2015, na huenda hukumbuki runinga ambayo picha yake inakimbia juu na chini isitulie. Runinga hizo zilichora picha mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini: kwetu mistari 625, picha 25 kwa sekunde, Marekani mistari 525, picha 30. Kila picha ikiisha, mawimbi yalileta ishara ya kuirudisha runinga juu ianze nyingine. Runinga ikipishana na ishara hiyo hata kidogo, picha huanzia mahali pasipo pake, na pengo lililo kati ya picha mbili huonekana kama utepe mweusi unaopita kwenye kioo. Seti zilikuwa na kirungu kidogo cha kuzungusha ili picha itulie. Jonas alijirekodi kwa kamera moja, akaacha picha ikimbie makusudi kwenye runinga, akaelekeza kamera nyingine kwenye kioo cha runinga, akarekodi kilichoonekana pale.

Sasa angalia anavyoutumia ule utepe. Anaruka, na unaonekana kupita chini ya nyayo zake. Sauti ya kugonga, kali na ya mfululizo, inakwenda nao sambamba. Mwili wake huupati mzima ukatulia. Unapewa miguu, unapewa kiwiliwili, unapewa uso, kisha unanyang'anywa. Jicho linajaribu kuishika picha, utepe unaifuta, jicho linaanza upya. Hiyo ndiyo kazi iliyokuuma kichwa, mwanangu, na ina haki ya kuandikwa. Halafu mwishoni kichwa cha Jonas kinatokea kati ya runinga na kamera, na utepe haukigusi. Ghafla unatambua kwamba muda wote ule palikuwa na chumba mbele ya kioo. Kama ulikuwa umeshashika simu, umeikosa sehemu ambayo kwangu ndiyo inayobeba kazi nzima.

Kwa hiyo itazame tena. Safari ya kwanza usisimamishe na usiandike chochote. Safari ya pili gawanya karatasi safu tatu: dakika, nilichoona, nilichosikia. Safu ya hisia usiiweke bado, la sivyo utaijaza hiyo peke yake. Andika kila jambo linapobadilika, na dakika mbili zikipita bila badiliko, andika hivyo pia. Safari ya tatu zima sauti kwa dakika tano za katikati, uone maudhi yanapungua au yanabaki palepale. Yakipungua, umejua kwamba kilichokuchosha ni mlio zaidi ya picha, na tayari una aya nzima. Baada ya hapo ongeza safu ya nne, ya hisia, kwa kalamu ya rangi nyingine.

Kuna makosa ya mtambo ambayo wanafunzi huyabebesha msanii. Video za miaka ile zina umbo la 4:3 na skrini yako ni ya 16:9. Ukiivuta ijaze skrini, kila mwili unanenepa kwa theluthi moja, kwa hiyo acha weusi ubaki pembeni. Bando likiwa dogo, ubora hushuka wenyewe na picha inakuwa vigae-vigae. Panga ubora kwa mkono, au itazamie kwenye waifai ya chuo. Usiiharakishe hata kidogo, kwa sababu mwendo wa utepe ndio kazi yenyewe. Na vaa visikizio, kwa kuwa spika ndogo za laptopu hula sauti nzito.

Ukitaka cha kulinganisha, tafuta video ya Cutting ya msanii Wangechi Mutu, mzaliwa wa hapa Nairobi. Ni ya mwaka 2004 na haifiki dakika sita: mwanamke, anaonekana kama kivuli mbele ya anga, anakatakata gogo kwa panga. Huko nako kuna kugonga na kurudiarudia, lakini uchovu uko mwilini mwa mwanamke, wewe unautazama tu. Kwa Jonas uchovu umehamishiwa machoni pako. Tofauti hiyo inatosha kuubeba ukurasa wako wote.

Unapoandika, nusu ya kwanza iwe maelezo matupu ya kinachoonekana, yenye dakika. Kisha hisia, kila moja ikiwa imefungwa kwenye dakika yake: "Kuanzia dakika ya 7 niliacha kutafuta uso wake nikawa nasubiri mlio." Sentensi kama hiyo inalipa kuliko kurasa tatu za "inaibua maswali mengi" na "ina mvuto wa kipekee". Usihangaike kutafuta fumbo lililofichwa. Na kama bado hukuipenda, sema hivyo mwishoni, ukitaja ulichokitaka ambacho hukupewa.

Siku utakapokwenda NCAI, yaani Nairobi Contemporary Art Institute, au ukumbi mwingine wa sanaa, kumbuka video nyingi huzungushwa bila kukoma. Utaingia katikati, kaa mpaka ifike pale ulipoikuta, ndipo uhesabu kuwa umeitazama.

Nitumie ukurasa kabla hujaukabidhi, pamoja na ile karatasi ya safu nne. Nataka kuiona karatasi kwanza.

Mzazi wako