Ukipima samaki kwa sauti, wavu usiuache nchi kavu

Wadogo zangu mnaoingia kwenye utafiti wa samaki Ziwa Victoria, ekosaunda, ile mashine inayotuma sauti majini na kusoma mwangwi unaorudi, isiwalewesheni. Kioo kinaonyesha mwangwi tu. Kujua ni wa samaki gani, shusheni wavu.

Kinachorudisha sauti zaidi ni bondo, mfuko wa hewa tumboni mwa samaki, hilo hilo linalogombaniwa mialoni kwa bei inayoipita minofu. Nyama ya samaki haitofautiani sana na maji, sauti huipita. Hewa ya kwenye bondo ndiyo huigomea ikarudi. Ndani ya maji sauti hukimbia mita 1,500 hivi kwa sekunde, kwa hiyo samaki aliye mita 30 chini yenu hujibu kwa milisekunde 40. Sangara mkubwa hujitokeza peke yake, alama nzito. Dagaa mchana huonekana kama wingu. Kazi iko kwa furu: akichanganyika na sangara wachanga, kioo hakiwezi kuwatenganisha, na hapo ndipo trola, wavu unaokokotwa na meli, inapoamua.

Angalieni na saa. Usiku dagaa hutawanyika na kupanda juu (wavuvi wa taa wanalijua hilo kuliko sisi), na wakiwa juu ya kihisi (kinachotuma na kupokea sauti) kilichofungwa chini ya meli, hamtawaona kabisa. Samaki aliyelala karibu na tope naye humezwa na mwangwi wa chini ya ziwa.

Msimu nao una hila zake. Mwanzoni mwa mwaka maji ya kina hupungukiwa oksijeni, samaki wakasogea juu. Upepo wa Juni na Julai ukishalichanganya ziwa, hurudi chini. Kwa hiyo mtu akiwaletea takwimu za Februari na za Agosti akasema samaki wamepungua, muulizeni kwanza walikuwa kina gani. Tangu 1999 Tanzania, Kenya na Uganda zimekuwa zikilipima ziwa hivi, na ubishi huu haujaisha.

Kabla ya safari, sawazisheni vipimo vya mashine kwa kile kigololi cha tungsteni kabidi cha milimita 38.1 kinachoning'inizwa kwa mshipi chini ya kihisi. Kiosheni kwa sabuni, maana kapovu kamoja kalikonata hupotosha vipimo vyote. Fanyeni asubuhi, kabla ziwa halijachafuka.

Bajeti ikibana, mimi ningepunguza mistari ya kupita na mashine kabla sijagusa siku za trola. Mkuu wa mradi atanung'unika kuhusu dizeli. Mwacheni anung'unike.