Ping ikijibu, usishangilie bado

Wewe unayeanza kazi hii ya kutafuta hitilafu za mtandao, iko siku utaitwa kwenye kompyuta ya Windows XP, au seva ya Windows Server 2003, ambayo haiwezi kuzimwa wala kuongezewa programu. Test-NetConnection, amri ya kupima mtandao uliyoizoea, haimo. Ilikuja na Windows 8.1. Usihangaike. Amri zilizomo mle zinatosha, mradi ujue kila moja inajibu swali gani.

Anza na ipconfig /all, inayoonyesha anwani ya mashine (kwenye Windows 95 na 98 utaandika winipcfg). Anwani ikianza na 169.254, ishia hapo kwanza: mashine iliomba anwani kwa DHCP (huduma inayogawa anwani), haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Kagua kebo na swichi.

Kisha piga ping (amri ya kuuliza kama mashine nyingine inafikika) kwa rauta, halafu kwa seva unayoitafuta, kwanza kwa namba, mwisho kwa jina. Namba ikijibu na jina likagoma, elekea kwenye DNS, huduma inayogeuza majina kuwa namba.

Wengi wetu hukwama baada ya hapo. Niliwahi kupoteza nusu siku nikitafuta kwa nini programu haifikii hifadhidata, kwa sababu tu ping ilijibu vizuri. Ping hutumia ICMP, ujumbe wa kukagua mtandao wenyewe. Habari za poti, yaani milango yenye namba ambayo programu husikilizia, haizijui kabisa. Na ikinyamaza, usiseme mashine imekufa: tangu Service Pack 2 ya mwaka 2004, faiawoli ya XP (kinga inayozuia mawasiliano kutoka nje, hata ping) huja ikiwa imewashwa.

Poti iulize kwa telnet, mfano telnet 192.168.1.20 3306 (anwani ya seva, kisha poti; 3306 ni ya hifadhidata ya MySQL). Ikishindikana, tazama saa, maana ujumbe wa kushindwa ni uleule. Ikikataa ndani ya sekunde moja au mbili, kwa kawaida seva umeifikia ila hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo. Ikikaa kimya kama sekunde 20, pakiti zinamezwa njiani, mara nyingi na faiawoli. Tofauti hiyo ya muda imeniokoa mara nyingi kuliko tracert, amri ya kuonyesha njia ya pakiti.

Siku ile ilikataa upesi. Nikaenda kwenye seva, nikaandika netstat -an kuona poti zinazosikilizwa, nikakuta 127.0.0.1:3306, yaani anwani ya mashine kujiita yenyewe. Hifadhidata ilikuwa inasikiliza wateja wa ndani ya seva ileile tu. Tukarekebisha mpangilio, tukaiwasha upya. Niliporudia telnet, skrini ilibaki nyeusi, kisha juu kabisa zikatokea herufi za ajabu pamoja na namba ya toleo la MySQL.