Ukishuka Airport ya Kisumu, Teksi Ngapi?

SWALI: Habari zenu. Mwezi ujao naenda ukweni Maseno, mimi, mama yangu mzazi na watoto wawili, mmoja bado wa kupakata. Mume wangu ametulipia ndege ju mama ana shida ya magoti, basi ya usiku haiwezi. Tunashuka Kisumu saa kumi jioni na mabegi mawili makubwa. Yeye anasema tuchukue teksi hadi tao alafu tupande matatu ya Maseno pale steji. Jirani anasema teksi za airport zitanikamua, nichukue tuktuk. Mwingine anasema apu ya teksi. Gani ndio rahisi?
Mama wa Wawili, Athi River

JIBU: Mama wa Wawili, kabla ya bei kuna kitu bwana yako amesahau na ni mtu wa huko. Airport ya Kisumu haiko tao. Iko nje, kama kilomita tano hivi, na iko upande wa barabara ya Busia. Na Maseno iko wapi? Barabara hio hio ya Busia. Sasa uchukue teksi urudi tao, ulipe, ushushe mabegi, mngoje matatu ijae, alafu hio matatu itoke iwapitishe palepale mlikotoka. Mtakuwa mmelipa mara mbili ndio mrudi mahali mlikuwa.

Usidhani nakucheka, mi nimefanya hio kitu. Mara yangu ya kwanza nilikuwa naenda Luanda, dereva wa teksi akaanza na 1,500, nikabishana nikamtoa hadi 1,000 nikajiona mjanja kabisa, nikafika steji nikakaa karibu saa nzima gari ikijaa, alafu dakika chache baada ya kutoka makanga anagonga mlango anaita, "Airport! Kuna wa airport?" Nikaangalia kibao kikipita kwa dirisha, nikanyamaza kama sio mimi.

Kwa hivo safari yako haipitii tao. Njia ya bei ya chini ni kutoka airport na tuktuk hadi Otonglo, hapo mbele kidogo upande wa Busia, na hapo usimamishe matatu za Maseno. Safari yangu ya mwisho matatu ilikuwa 150 kwa kichwa, mtoto wa kupakata halipi, kwa hivo nyinyi ni watatu, 450. Tuktuk weka 150, mabegi makanga hatakosa kuitisha kitu. Tuseme 700 jumla. Na uskize makanga anaita wapi, ju huko mbele Kisian barabara inagawanyika, za Bondo zinakata kushoto na wewe unaenda moja kwa moja.

Lakini kwako siipendi hio njia. Gari zinatoka steji zikiwa zimejaa, jioni ndio zaidi, watu wanatoka kazi. Hapo barabarani utapata nafasi moja nyuma kabisa na ingine kwa kile kibao wanaweka katikati ya viti. Wewe na mtoto mtajipanga, sawa, lakini mama na hayo magoti apande aje, na begi kubwa iko juu ya miguu yake?

Kwa apu, gari ndogo kutoka airport hadi Maseno iliniambia 1,400. Ni mara mbili ya matatu, ndio, lakini mnaingia mlangoni airport na mnashukia kwa boma. Shida ni moja, madereva wengine wakiona ni Maseno wanakupigia simu wanaanza, "Madam, huko nitarudi bila mteja, ongeza kidogo," na usipoongeza anakansel. Kama ameongeza hadi 2,000 achana naye.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi: bwana yako apige simu nyumbani Maseno, hakuna boma huko haijui mtu wa Probox. Huyo atakuja Kisumu na abiria wake, kwa hivo ile safari ya kuja hamlipii nyinyi peke yenu kama teksi, na kurudi mnachukua gari yote. Waelewane bei kwa simu kabla hajatoka, wakiwa watu wa nyumbani wanaongea, sio wewe mgeni wa kutoka Athi River. Na waulize kama parking ya airport iko ndani ya hio bei ama ni juu.

SWALI: Mi niko solo, begi ya mgongo tu, naenda Milimani. Apu ama nduthi?
Kijana wa Mombasa

JIBU: Nduthi ilinipeleka na 150, tuktuk 250, apu 350, teksi ya pale nje unajua sasa. Matatu kutoka barabarani ilikuwa 50 lakini inakuacha steji, na kutoka hapo hadi Milimani bado utapanda nduthi, kwa hivo 50 sio 50. Ukiwa mmoja chukua nduthi, labda mvua iwe inanyesha, na ya Kisumu inapenda jioni. Mkiwa watatu hesabu inageuka, ju nduthi tatu ni 450, tuktuk ni ile ile 250 na nyuma mnatoshea. Tuktuk tu hakikisha mmesema ni ya kukodi, la sivyo ataokota watu njiani na kila mmoja wenu alipe kama abiria. Mkiwa wanne apu inawashinda wote.

SWALI: Naenda Kapsabet kutoka Nairobi. Nishukie Kisumu ama Eldoret, na teksi ya kufika Eldoret tao ni ngapi?
Msomaji, Ruiru

JIBU: Eldoret. Na tao usiende, shida yako ni kama ya Mama wa Wawili hapo juu. Airport ya Eldoret iko kilomita kama 16 kusini ya mji, kwa barabara ya Kapsabet yenyewe. Toka hadi barabarani, uliza mtu mji uko upande gani, alafu simamisha gari inayotoka huko. Kama una begi moja tu matatu inatosha.