Kabla hujafuta msingi wa usanidi kwa PowerShell

Mwaka wangu wa kwanza kwenye Configuration Manager, mfumo wa Microsoft wa kusimamia kompyuta nyingi kwa pamoja, nilipewa kazi iliyoonekana nyepesi. Ofisi ilikuwa imeamua kuruhusu tena matumizi ya flash, kwa hiyo niondoe msingi wa usanidi uliokuwa unazizuia. Nikafungua PowerShell, programu ya kuandikia amri kwenye Windows, nikaandika Remove-CMBaseline pamoja na jina la msingi, nikajibu ndiyo nilipoulizwa kama nina hakika, nikafunga tiketi. Kesho yake asubuhi simu zikaanza kuita: flash bado hazisomeki.

Wewe unayeanza, hapa ndipo ningependa utulie kidogo. Msingi wa usanidi ni masharti tunayotaka kompyuta iyatimize. Ndani yake mna vipengele vya usanidi, nao hutumwa kwa kundi fulani la vifaa. Kompyuta hujipima kwa ratiba, ambayo usipoibadilisha ni kila baada ya siku 7, na kama umeruhusu marekebisho, hujirekebisha yenyewe. Msingi wetu ulikuwa unaandika 4 kwenye thamani iitwayo Start, chini ya USBSTOR katika rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake. Namba 4 inamaanisha dreva, yaani programu inayoendesha flash, isiwashwe kabisa. Hali ya kawaida ni 3. Nilipoufuta, nilimwondoa mlinzi aliyekuwa akihakikisha 4 ipo. Ile 4 yenyewe ilibaki palepale. Mfumo hauweki kumbukumbu ya kilichokuwepo kabla ya marekebisho, na hauwezi kukirudisha.

Ilibidi nitengeneze msingi mwingine unaoandika 3, niutume kwa kundi lilelile, kisha nisubiri. Kompyuta za mezani zilikaa sawa mapema. Laptopu za watu waliokuwa safarini zilichelewa sana, kwa sababu kifaa kisichowasiliana na seva hakipati sera mpya, yaani maagizo mapya. Nilipoona ripoti inaonyesha vifaa vyote vimetimiza sharti ndipo nikaufuta huo wa pili.

Kwa hiyo ukiambiwa ufute, jiulize kwanza kama msingi huo ulikuwa unapima tu au ulikuwa pia unarekebisha. Ukiwa wa kupima tu, kuufuta hakugusi mpangilio wowote wa kompyuta. Ukiwa wa kurekebisha, waulize wenye mfumo wanataka thamani gani ibaki kwenye mashine. Jibu lao ndilo litakaloamua kazi yako, na mara nyingi hawajalifikiria mpaka uwaulize.

Kuhusu amri zenyewe sina mengi. Lazima ndani ya PowerShell uwe kwenye diski ya saiti yako ya Configuration Manager, ile yenye msimbo wa herufi au tarakimu tatu. Ukiwa C:\ amri itakataa. Anza kwa kutazama:

Get-CMBaseline -Name "Jaribio*" | Select-Object LocalizedDisplayName, CI_ID, LastModifiedBy

Soma majina yote yanayotoka, hata kama ni mengi. Nyota (*) hukusanya zaidi ya ulivyodhani, hasa mahali ambapo watu watatu wametaja vitu kwa mitindo mitatu. LastModifiedBy itakuonyesha nani wa kumuuliza. Halafu:

Get-CMBaseline -Name "Jaribio*" | Remove-CMBaseline -WhatIf

-WhatIf inaeleza kitakachofutwa bila kufuta chochote. Mimi huitumia mpaka leo, hata kwa msingi mmoja ninaoujua vizuri. -Force nayo huondoa swali la uthibitisho. Iache mpaka uwe na skripti uliyoijaribu mara nyingi kwenye saiti ya majaribio.

Kabla ya kufuta kweli, hifadhi nakala kwa Export-CMBaseline. Utapata faili la .cab ambalo unaweza kulirudisha kupitia konsoli, yaani dirisha la usimamizi la Configuration Manager. Faili hilo hubeba msingi na vipengele vyake, lakini halibebi taarifa za ulitumwa kwa kundi gani na kwa ratiba ipi. Hizo ziandike mwenyewe, na uchukue ripoti ya utimizaji wa masharti ingali inaonekana. Wakaguzi huiomba miezi kadhaa baadaye.

Tazama pia kama msingi huo umewekwa ndani ya msingi mwingine, maana inaruhusiwa. Kisha ondoa kwanza usambazaji, yaani kule kutumwa kwa kundi la vifaa, kwa Remove-CMBaselineDeployment, uache msingi wenyewe ukae bila kutumwa kwa muda. Kompyuta kwa kawaida huuliza sera mpya kila dakika 60, lakini mimi huacha wiki nzima ipite. Akitokea mtu wa idara nyingine kusema ripoti yake imekatika, ni rahisi kuutuma tena kuliko kuufufua kutoka kwenye nakala. Wiki ikipita kimya, futa. Vipengele vya usanidi vitabaki kwenye konsoli hata baada ya hapo. Usivifute kwa pupa ya usafi, kwani kipengele kimoja huweza kuwa kinatumiwa na misingi mingine.

Mwisho wa yote, weka ile .cab mahali ambapo wenzako wataiona, na uandike namba ya tiketi kwenye jina la faili.